Gari Lililokula Majani Yetu

Siku ya mbio tulikuwapo hawa. Mimi. Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyekuja na sare ya shule ingawa ilikuwa likizo, kwa sababu gauni lake jingine lilikuwa halijakauka. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mzee ambaye tangu utotoni tulimwita baba wa ng'ambo. Mke wake, aliyebeba kikapu cha mihogo ya kuchemsha akidhani mbio za pikipiki huchukua siku nzima kama harusi. Na mama mmoja wa Kibondo mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa tajiri wa mdogo wangu, maana pikipiki aliyoiendesha ilikuwa ya mama huyo. Walikuwapo pia watu wa kampuni ya tumbaku chini ya turubai, na nusu ya kijiji chetu cha Kumsenga kando ya barabara, lakini ninaowataja ni hao, kwa sababu yaliyotokea yalitokea kati yetu.

Baba na mama hawakuwapo. Walikuwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, walikolala miaka mingi kabla ya siku hiyo. Hata hivyo siwezi kuisimulia bila kuanza na baba, kwa sababu gari liliingia nyumbani kwetu kwa mkono wake.

Lilikuwa gari la kwenye karatasi. Dereva wa lori la tumbaku, mtu wa Kasulu, alimpa baba kalenda kuukuu ambayo miezi yake ilikwishachanwa ikabaki picha tu. Baba akapika uji mzito wa muhogo, akaupaka nyuma ya picha, akaibandika kwenye ukuta wa bani, chini ya paa, mahali mvua isipofika. Bani ni nyumba ya matofali isiyo na dirisha. Ndani yake majani ya tumbaku hutundikwa kwenye fito, ghorofa juu ya ghorofa, na moto hupita chini kwenye mabomba ya bati mpaka majani yanapogeuka rangi ya asali. Kila mkulima alikuwa na lake. La kwetu lilikuwa dogo na limeinama upande mmoja, na sisi watoto tulilipenda kuliko nyumba ya kulala, kwa sababu lilikuwa na joto.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu na jeupe, refu, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Magurudumu yalitoka nje ya mwili. Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, na kichwa chake kilikuwa mviringo kama yai, hakina macho. Ubavuni palikuwa na neno kubwa la herufi nyeupe. Mama aliuliza neno hilo ni nini, baba akasema ni jina la sigara. Mama akataka kujua sigara inatafuta nini kwenye gari.

"Ndilo linalokula majani yetu," baba akasema.

Alikuwa anatania. Alicheka yeye, akacheka mama, wakaendelea na kazi. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumeona lori likija kila msimu na kuondoka limejaa marobota, na hakuna aliyewahi kutuambia yanakokwenda, na sasa tulikuwa tumeambiwa. Kuanzia siku hiyo tulijua kwamba majani hupita Kasulu, huvuka mabonde na maziwa, hufika mahali penye barabara nyeusi inayong'aa, na huko gari jekundu na jeupe hufunguliwa tumbo likajazwa tumbaku, likawashwa, likakimbia. Mdogo wangu wa kiume alisema ndiyo maana halina bomba la petroli. Yule wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa hata hajui kutembea vizuri, baadaye alikua ndani ya imani hiyo kama ilivyo imani ya nyumbani. Tulipokuwa tunachambua majani alikuwa akichagua jani pana lisilo na doa, analinyoosha kwenye paja lake, anasema, "Hili la gari." Akiona la hovyo anasema, "Hili la watu."

Mimi nilikuwa nikipewa kazi ya kuangalia moto alfajiri, kabla ya shule, baba akiwa amekwenda kujinyoosha kidogo. Nilikaa na mgongo kwenye ukuta wa bani, uso kwenye ukungu. Huku kwetu milimani ukungu wa asubuhi haupandi, hukaa tu kwenye mabonde kama maziwa kwenye bakuli, na vilele vya vilima hutokeza juu yake. Harufu ya jani linalokauka ni tamu, inafanana na mkate na nyasi kavu kwa pamoja, na ukiivuta sana kichwa kinakuwa chepesi. Nilikuwa nasinzia macho wazi. Nililiona gari likipita juu ya ukungu, kilima hadi kilima, bila sauti, na nyuma yake moshi wa rangi ya asali, na nilijua moshi ule ni sisi. Ni majani ambayo mama aliyafunga kwa vidole vyake na ambayo mimi nilikuwa nayapalilia kabla ya kengele. Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha. Labda kwa sababu nilifikiri kuna mahali tunakokwenda kwa kasi.

Kuna neno moja ambalo lazima nilieleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalilitegemea. Ni neno mdhamini.

Kwa mkulima wa tumbaku neno hilo lilikuwa na maana moja. Chama cha msingi cha wakulima kilikopesha mbolea kwa vikundi, na katika kikundi kila mtu alikuwa mdhamini wa mwenzake. Ukishindwa, au ukifa, mwenzako analipa kwa tumbaku yake. Kwa Kiha, lugha yetu, tunasema umwishingizi: mtu anayesimama mahali pako usipoweza kusimama. Umwishingizi wa baba alikuwa baba wa ng'ambo. Walikuwa wamesimamiana tangu kabla sijazaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kushindwa, walikuwa wakitaniana kwamba kila mmoja anasubiri mwenzake afe ili aone kama kweli atalipiwa.

Baba akafa, msimu ukiwa katikati, majani yakiwa shambani. Mama alimfuata kabla mvua nyingine hazijaanza. Ndugu za mama waliokuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila walikwisharudi kwao ng'ambo ya mpaka kambi ilipofungwa, na upande wa baba hakukuwa na mtu mwenye nafasi ya watoto watatu. Shule niliiacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza wala kunishauri. Asubuhi moja nilikunja sare nikaiweka chini ya godoro, nikaenda kukata maua ya tumbaku ili majani yapanuke, maana hakukuwa na mwingine wa kuyakata.

Majani yetu sokoni hayakutosha kulipia mbolea aliyochukua baba. Yaliyopungua yalikatwa kwenye tumbaku ya baba wa ng'ambo. Namkumbuka akirudi siku hiyo. Alipita kwetu kwanza kabla ya kwenda kwake, akaweka pakiti ya chumvi kwenye kizingiti, akatusalimia, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linakwenda kuzama. Hakugundua. Akavuka kijito akaenda zake. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na kwa desturi ya kwetu umwishingizi hadai kwa mdomo. Wewe uliyesimamiwa ndiye unayejua.

Miaka ikapita. Bani letu lilianguka kwa mvua. Kabla halijaanguka, baba wa ng'ambo alikuja akaibandua ile picha ya gari kwa kisu, taratibu, kama anayechuna ngozi ya mbuzi, akaenda kuibandika ndani ya bani lake. Alisema pale itakaa. Tukaacha tumbaku, tukalima mahindi na maharage. Yeye naye aliacha baadaye, kifua chake kilipoanza kumkatalia, na bani lake likawa ghala la mahindi na mahali pa mbuzi kujikinga mvua. Mdogo wangu wa kiume akawa dereva wa bodaboda Kibondo mjini. Alichukua pikipiki kwa mkataba kutoka kwa yule mama mwenye duka: unampelekea hesabu yake, fedha mliyopatana, kila siku, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yako. Mkataba ulitaka mdhamini. Nilitia sahihi mimi, na dhamana nikaweka kitu pekee tulichokuwa nacho, kiwanja cha nyumbani pamoja na migomba ya nyuma. Mama yule aliuliza kama kuna chochote kwenye migomba hiyo. Nikamwambia kuna baba na mama. Akasema, "Basi mwambie mdogo wako aendeshe polepole."

Aliendesha polepole. Mkataba ulikuwa umebakiza muda mfupi ufike mwisho, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa sekondari kwa hesabu iliyobaki baada ya hesabu ya tajiri, wakati gari la matangazo lilipoingia kijijini.

Lilitangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya pikipiki, kwenye barabara ya zamani ya malori, na zawadi ya kwanza ni pikipiki mpya. Na lilirudia tena na tena kwamba mashindano hayo yamedhaminiwa na kampuni inayonunua tumbaku yetu.

Watu walikusanyika kwenye ofisi ya chama kujua maana yake. Huku kwetu wazee wengi Kiswahili wanakisikia lakini hawakiamini mpaka kigeuzwe Kiha. Aliyekuwa akigeuza siku zote ni baba wa ng'ambo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akigeuza mahubiri kanisani mchungaji mgeni akija. Akasimama, akakohoa, akatafakari, akasema kwa Kiha kwamba kampuni imekubali kuwa umwishingizi wa mbio.

Watu wakaguna kwa mshangao. Mama mmoja mkulima alisema miaka yote ni sisi kwa sisi tunaosimamiana, na kampuni inakaa upande wa pili wa mizani inatazama. Leo imepatwa na nini? Mwingine akamjibu kwamba hata simba akizeeka huanza kusalimia watu. Wakacheka sana. Lakini jambo lilikuwa limeeleweka, na kila mtu alilielewa vilevile, mimi pia: kijana akiingia mbioni na pikipiki ikiharibika, kampuni itasimama mahali pake.

Jioni mdogo wangu alikuja nyumbani amevaa kizibao cha kung'aa alichopewa na watu wa kampuni, chenye jani la kijani mgongoni. Akakaa jikoni, akanionyesha kwenye simu yake mbio za Ulaya za zamani. Nikaliona gari. Lilikuwa lenyewe, jekundu na jeupe, lakini lilikuwa linatembea. Nilishika simu ile nikasahau chungu kikaungua. Kwa miaka yote ile nililiona likipita bila sauti, na kumbe lilikuwa linalia kama nyuki walioamshwa.

Kisha akanionyesha mbio za siku hizi. Magari yalikuwa yaleyale ya kujilaza chini, lakini jina la sigara halikuwapo popote. Aliniambia kwamba huko Ulaya sheria zilikataza, wakaambiwa wafute. Kuna waliofuta wakaacha rangi tu, na mistari mahali herufi zilipokuwa, ili mtu akiona ajisomee mwenyewe.

"Kwa hiyo wamefukuzwa," nikasema.

"Wamefukuzwa kwenye magari. Kwenye boda bado wanakaribishwa." Akajipiga kwenye lile jani la mgongoni. "Gari lako limerudi nyumbani, dada."

Akaniomba ruhusa ya kushindana. Ni mtu mzima, angeweza kutoniuliza, lakini sahihi ilikuwa yangu. Nilimuuliza swali moja tu, pikipiki ikivunjika itakuwaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Kampuni ndiyo mdhamini. Baba wa ng'ambo si ndiye aliyesema?"

Nikamruhusu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi jekundu limelala kwenye majani ya kila mti. Watu wa kampuni walileta turubai, viti, spika na vijana wawili wa kugawa kofia. Mtangazaji alikuwa na sauti ya redio ya Dar es Salaam na alimtania kila aliyepita. Mke wa baba wa ng'ambo alipokatisha barabara na kikapu chake, akamtangaza kuwa mshiriki wa kwanza, timu ya mihogo. Mama yule hakuelewa lakini alipunga mkono. Yule tajiri alikuja akasimama kivulini mwa gari lake, amekunja mikono. Alikuwa amesikia kwamba pikipiki yake itashindana, na alikuwa amesikia pia habari ya mdhamini, na alisema tu kwamba angependa kumwona huyo mdhamini kwa macho.

Mbio zilipoanza, nilishangaa jinsi zilivyokuwa hazionekani. Vumbi lilisimama kama ukuta na pikipiki zikaingia ndani yake, na sisi tukabaki kusikiliza. Mlio ulikwenda mbali nyuma ya kilima, ukawa mdogo, ukawa kama mlio wa nzi ndani ya chupa, kisha ukarudi. Jua lilipita ndani ya vumbi likawa rangi ya asali. Kwa muda, siwezi kusema mrefu au mfupi, nilikuwa tena mgongo kwenye ukuta wa bani. Niliona kizibao cha mdogo wangu kikitokeza juu ya vumbi, mbele ya vingine, kikielea bila mtu na bila pikipiki, jani la kijani linakwenda peke yake angani. Mdogo wetu wa mwisho alinishika mkono. Nadhani yeye pia aliona.

Kisha pale kwenye kona ya korongo, ambapo malori ya tumbaku yalichimba mashimo kwa miaka, lile jani likashuka.

Tulikimbia. Alikuwa ameshasimama, mkono umechubuka kuanzia kiwiko, anacheka. Pikipiki ilikuwa chini korongoni. Shokapu za mbele zilikuwa zimepinda kama miguu ya panzi, na injini ilikuwa imepiga jiwe, oili inaingia mchangani. Vijana walimsaidia kuipandisha. Nilimuuliza kama ameumia, akasema hajaumia, na akaanza kuisukuma kuelekea kwenye turubai, akiwa bado anatabasamu. Tabasamu lile ndilo linalonirudia. Halikuwa la mtu aliyepoteza kitu.

Akaiegemeza kwenye meza ya kampuni, mbele ya bwana mmoja aliyekuwa ameketi na kofia mpya.

"Shikamoo. Nimeileta."

"Umeleta nini?"

"Pikipiki. Imevunjika."

"Pole sana, kijana. Kapate maji pale."

Mdogo wangu hakwenda kupata maji. Alisubiri. Bwana yule naye akasubiri, akidhani kuna linalofuata. Nyuma yetu watu walikuwa wamejisogeza kuona jinsi kampuni inavyosimama.

"Nyinyi si ndio wadhamini?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo, sisi ndio wadhamini."

"Basi."

"Basi nini?"

Ilichukua muda wakaelewana. Bwana yule hakuwa mkali. Alieleza kwamba kudhamini ni kutoa turubai, spika, fulana, kofia na zawadi ya mshindi. Kila dereva anawajibika kwa chombo chake. Wamedhamini mbio, hawakumdhamini yeye. Baba wa ng'ambo, aliyekuwa amefika anahema, alimuuliza mbio zinadhaminiwaje bila wanaokimbia. Bwana akavua kofia, akaitazama ndani.

"Mzee wangu, hiyo ni lugha tu," akasema.

Tabasamu la mdogo wangu liliondoka polepole, kama maji yanavyonywewa na udongo. Kwenye spika mtangazaji alikuwa anamwita mshindi.

Tajiri alikuja. Aliinama akaitazama injini, akagusa oili, akajifuta kidole kwa kanga. Hakumgombeza mdogo wangu hata kidogo. Alinigeukia mimi.

"Binti, mdhamini wa huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Na dhamana unaijua."

"Naijua."

Niliijua kwa kila mgomba. Akilini niliona uzio ukizungushwa, na sisi watatu tukiomba ruhusa ya kupita kwenda kufagia makaburi ya wazazi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ameushika mkono wangu, na alizidi kukaza. Nilikuwa natafuta cha kumwambia mama yule, na nilichokuwa nacho kilikuwa kumwomba muda. Lakini muda wa kufanya nini, wakati pikipiki ndiyo iliyokuwa muda wetu?

Hapo baba wa ng'ambo akasogea mbele.

"Mama," akasema, "neno nililigeuza mimi."

Tajiri akamuuliza neno gani.

"Walisema kampuni ni mdhamini. Mimi nikawaambia watu hawa ni umwishingizi. Kijana hakuingia kwa neno la kampuni. Aliingia kwa neno langu."

"Mzee, ulikosea kutafsiri. Hilo si kosa la mtu kulipa."

"Sikukosea. Umwishingizi ni yule anayesimama. Hawa hawakusimama, basi aliyelisema neno asimame." Akaelekeza mkono ng'ambo ya kijito, ambako paa la bani lake lilikuwa linametameta juani. "Yale mabati. Silimi tena tumbaku. Nenda ukayaangalie."

Mke wake, kikapu kichwani, alimuuliza mahindi yatakaa wapi.

"Chumbani. Tutalala nayo."

"Utalala nayo wewe."

Watu wakacheka, hata tajiri. Nilimshika mzee mkono, nikamwambia hapana, baba, mara moja inatosha. Nilikuwa nazungumzia ile mbolea, na ilikuwa mara ya kwanza kuitaja mbele yake. Akautoa mkono wangu taratibu kama anayeondoa jani lililomwangukia. Akaniita mwanawe kwa Kiha: "Mwana wanje, nyamaza. Naongea na tajiri."

Tajiri alikwenda. Alizunguka bani, akagonga bati kwa ufunguo wa gari, akasikiliza. Alikuwa anajenga stoo mjini na mabati yale ya zamani yalikuwa mazito, si kama ya siku hizi. Akakubali: mabati yangelipia injini na shokapu, na mkataba ungeendelea ulipoishia.

Kesho yake walikuja kuyang'oa. Nilikuwapo tangu asubuhi, nikipokea bati moja moja kutoka juu. Misumari ilitoka ikilia. Upande wa ndani mabati yalikuwa meusi kwa moshi wa misimu yote, na kila moja lilipoinuliwa harufu ya tumbaku ilitoka na kutuangukia, tamu, kana kwamba ilikuwa imefungiwa humo ikingoja. Jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Fito za kutundikia zilikuwa bado zipo, ghorofa juu ya ghorofa, na mwanga ukazipitia ukachora mistari ukutani. Tukaiona picha. Moshi ulikuwa umeipaka mpaka imekuwa kahawia yote. Jekundu halikuwapo tena, wala jeupe, wala jina. Lilibaki umbo tu la kitu kirefu kilicholala chini, na kichwa mviringo kisicho na macho.

"Wamefuta hata huku," mdogo wangu akasema.

Baba wa ng'ambo alikuja akaitazama karibu, akasema ni yeye aliyeifuta, kwa moto wake.

Mkataba uliisha, na pikipiki ikawa ya mdogo wangu. Anaendesha polepole. Mdogo wetu wa mwisho anaendelea na masomo, na bado akiona jani pana lisilo na doa, hata la mgomba, hulinyoosha kwenye paja. Mimi nilipeleka bati jipya la kwanza, la kuezekea tena bani la mzee, baada ya mavuno ya maharage. Nililiegemeza tu kwenye ukuta wa bani nikavuka kijito kurudi kwetu. Jioni baba wa ng'ambo alilirudisha, akasema hanidai, neno lilikuwa lake. Asubuhi nikalipeleka tena. Akalirudisha. Mwisho mke wake alichoka kuliona likipita mlangoni kwake, akamwambia wazi kwamba yeye halali tena na mahindi, na siku hiyohiyo lilipigwa misumari.

Tangu hapo kila mavuno huwa napeleka, nikipata. Mabati ya siku hizi ni mepesi, mvua ikinyesha hupiga kelele nyingi, na bani lile sasa linasikika mpaka kwetu. Ya mbolea sijui nitayalipa vipi. Yalikuwa majani, na majani hatuna tena, sisi wala yeye, na kama yangekuwapo sijui ningempa nani ayale.

Upande wa paa unaoelekea kijito bado uko wazi. Mzee ameweka kiti chake hapo, na asubuhi ukungu ukiwa bondeni, nikipita mlangoni, humwona ameketi ndani ya kuta, jua limemwangukia kichwani. Nilimwambia mavuno haya nitaleta mabati ya kumalizia. Akasema niache, hapo ndipo anapoota jua. Nikamwambia ataota jua nje kama watu wengine.

Bado sijayapeleka.